Kununua studio Upanga mpaka hati isome jina lako: mwongozo kamili

Karibu kila mwezi napata ujumbe unaofanana na wa mwezi uliopita. Mtu kanunua studio, kahamia, pazia katundika, na siku anapokwenda benki kuomba mkopo anaambiwa hati haina jina lake. Wengine wanagundua jambo baya zaidi: chumba hicho hakijawahi kuwa na hati. Walicholipia ni funguo.

Mfano wangu ni Upanga, Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko wengi wanakotafuta: miti barabarani, Muhimbili mlangoni, mjini unafika kwa miguu. Taratibu za hati ni zile zile Mikocheni, Msasani na kwingine kote Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na za apatimenti, kwa hiyo usivuke bahari na karatasi hii.

Kwa studio nakusudia chumba kimoja kikubwa chenye kitanda, makochi na jiko humo humo, bafu na choo vikiwa na mlango wake ndani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumpigia dalali

- Kitambulisho cha NIDA, TIN na picha ndogo za pasipoti.
- Wakili wako mwenyewe. Wakili wa muuzaji si wako, hata akikuchekea na kukuagizia soda. Jina lake lihakiki kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama kama leseni yake iko hai.
- Fedha za pembeni. Mimi huwaambia watu watenge kama asilimia 5 ya bei kwa ajili ya wakili, ushuru, ada na nauli za kwenda na kurudi. Ukiwa na bei tupu mfukoni, utakwama katikati, na katikati ndipo watu wanapoanza kutafuta njia za mkato.
- Tepu ya kupimia ya mita 5, tochi, chaja ya simu, ndoo ya lita 10 na daftari. Ndoo isikuchekeshe, utaiona kazi yake.

Kama si raia wa Tanzania, simama hapa kwanza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia utaratibu maalumu. Kununua kwa jina la shemeji si utaratibu maalumu. Kaa na wakili kabla ya kwenda kuangalia chumba chochote.

## Hatua ya 1: Jua unauziwa nini hasa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na wanateleza mapema, kabla hata ya bei kutajwa. Tangazo litasema "studio inauzwa, Upanga, mtaa umetulia". Neno "inauzwa" linabeba mambo matatu tofauti.

La kwanza: studio yenye hati yake. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za jengo. Chini ya sheria hiyo jengo linachorewa ramani inayoonyesha kila sehemu, ramani inasajiliwa, kisha kila apatimenti inapata hati inayojitegemea. Mwenye hati anamiliki chumba chake, na pamoja nacho anamiliki kwa fungu lake maeneo ya wote: ngazi, lifti, paa, maegesho, ukuta wa nje. Wamiliki wote wanakuwa wanachama wa umoja wa jengo. Hicho ndicho unachokitafuta.

La pili: jengo lenye hati moja tu, ya kiwanja, kwa jina la mjenzi. Watu huiita hati mama. Mjenzi atakwambia hati za vyumba "zipo njiani". Huenda ni kweli. Ila njia hiyo inaweza kuwa ya miaka, na wakati huo hati mama inaweza kuwa imelala benki kama dhamana ya mkopo uliojengea ghorofa lenyewe. Kununua hapa kunawezekana, lakini si kwa masharti yale yale. Nitalirudia kwenye mkataba.

La tatu: kilemba. Upanga ina maghorofa mengi ya Shirika la Nyumba la Taifa, yale ambayo wazee bado wanayaita "ya Msajili". Mpangaji wa humo akikwambia anakuachia chumba kwa kilemba, anakuuzia upangaji ambao si wake kuuza. Bei itakuwa tamu, chumba kitakuwa kikubwa, dari refu, upepo mwanana. Ondoka. Siku shirika likikagua wapangaji wake, wewe huna jina, huna mkataba na huna wa kumdai.

Muulize dalali swali moja tu, kwa maandishi, WhatsApp inatosha: "Studio hii ina hati yake yenyewe, na hati iko kwa jina la nani?" Akijibu "njoo kwanza uone", jibu unalo.

*Umefaulu hatua hii* ukiwa na picha ya ukurasa wa kwanza wa hati, yenye namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, namba ya sehemu ndani ya jengo, na jina la mmiliki. Kama huna picha hiyo, usipoteze Jumamosi yako.

## Hatua ya 2: Sikiliza mtaa, mara nne

"Mtaa umetulia" ni sifa ya saa nne asubuhi siku ya kazi, saa ambayo dalali hupenda kukupeleka. Kila mtaa wa mjini umetulia saa nne asubuhi. Wewe utakaa humo usiku.

Nenda mara nne: siku ya kazi saa moja asubuhi, siku ya kazi saa kumi na mbili jioni, Ijumaa au Jumamosi baada ya saa nne usiku, na mara moja mvua ikiwa imenyesha. Za mwanzo tatu ni kwa masikio. Ya mwisho ni kwa macho.

Upanga ina sauti zake, na zinategemea umesimama kona ipi. Ukiwa karibu na Barabara ya Malik, ukumbi wa Diamond Jubilee una harusi na matamasha. Mwisho wa wiki utalala na ngoma za watu usiowajua. Pembeni ya Muhimbili kuna magari ya wagonjwa na bodaboda zinazosubiri abiria. Shule zimejaa eneo hili, na saa moja asubuhi magari ya wazazi yanafunga barabara nyembamba hadi geti la jengo lako halifunguki. Adhana ya alfajiri utaisikia karibu kila mahali. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo saa ya mjini, lakini mwenye usingizi mwepesi ajue spika imeelekea wapi.

Kisha ingia chumbani, funga madirisha, na umwombe dalali anyamaze kwa dakika kumi. Hili ndilo jaribio gumu kuliko yote katika mwongozo huu, kwa sababu madalali hawajazoea. Nilipokwenda na binti mmoja kuangalia studio ghorofa ya tatu, tulikaa kimya tukasikia kitu kama jokofu kubwa kikinguruma chini ya sakafu. Tukashuka. Chini ya kile chumba hasa kulikuwa na pampu ya maji ya jengo zima, ikiwaka na kuzima kila baada ya muda mfupi. Dalali alikuwa ameongea tangu tulipoingia, na sasa nilielewa kwa nini.

Angalia na majirani wa jengo. Ukiona pembeni nyumba ya zamani ya chini, uwanja mpana, mwembe katikati na kibao cha "inauzwa" au mabati mapya yamezunguka, jua hapo panakuja ghorofa. Utulivu wa leo utageuka zege na nondo kwa miaka miwili, kisha dirisha lako litatazamana na jiko la mtu. Muulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mlinzi wa jengo la jirani. Mlinzi kwa kawaida anajua zaidi.

Ile safari ya mvua usiiache, hasa upande wa Upanga Magharibi unaoshukia bonde la Jangwani na Msimbazi. Machi hadi Mei, wakati wa masika, maji yenyewe yatakuonyesha barabara ipi inafungika na geti lipi linageuka bwawa. Tazama kuta za uzio za majirani: mstari wa tope uliokauka ni kumbukumbu isiyodanganya.

*Umefaulu* ukiweza kumwambia mwenzako, bila kutazama daftari, kero tatu za mtaa huo. Ukiona mtaa hauna hata moja, rudi tena usiku.

## Hatua ya 3: Kagua chumba kwa mikono

Pima. Kipeperushi kikisema mita za mraba 34, uliza zimehesabiwa nini. Mara nyingi ndani yake kuna sehemu ya korido na ngazi. Chukulia umepima mwenyewe, ukuta kwa ukuta, bafu na jiko vikiwemo, ukapata mita 6.2 kwa 4.1. Hiyo ni mita za mraba 25.42. Kibaraza mita 3 kwa 1.1, yaani 3.3. Jumla 28.72. Ikiwa bei ni shilingi milioni 120, kwa hesabu ya kipeperushi unalipa kama milioni 3.53 kwa mita, na kwa hesabu ya tepu ni kama milioni 4.18. Usigombane na mtu. Andika tu namba zote mbili, zitakufaa siku ya kujadili bei. Kisha linganisha vipimo vyako na vilivyo kwenye ramani ya hati. Kama kibaraza kimezibwa kwa vioo na kugeuzwa chumba, uliza kama kimo kwenye ramani.

Kwenye studio, sentimita zina maana. Pima mahali pa kitanda cha futi 5 kwa 6 na uone kama mlango wa bafu bado unafunguka. Pima mlango wa kuingilia na lifti. Nimeona kochi jipya likirudi dukani kwa sababu ya kona ya ngazi.

Maji. Sasa ndoo. Iweke chini ya bomba la bafuni, fungua mpaka mwisho, hesabu kwa simu. Lita 10 zikijaa ndani ya dakika moja na nusu, uko salama. Zikichukua dakika tatu, hasa ghorofa ya juu, hita ya kuogea haitafanya kazi vizuri. Halafu uliza maji yanatoka wapi: DAWASA au kisima. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Huhitaji maabara kuanza kujua: onja tone ulimini, kisha tazama kichwa cha bafu. Kikiwa na ganda jeupe kama chokaa, ndicho kitakachotokea kwenye hita, kwenye mashine ya kufulia na kwenye nywele zako.

Umeme. Chomeka chaja kwenye kila soketi. Kila moja. Uliza kama studio ina mita yake ya LUKU au ni mita ndogo ya ndani inayouzwa na meneja wa jengo kwa bei yake. Tofauti ni kubwa: kwenye LUKU yako unaona unachokatwa, pamoja na kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia manunuzi ya umeme. Uliza pia jenereta likiwaka linabeba nini, chumbani kwako au lifti na taa za ngazi tu.

Ukuta na dari. Tochi iweke ubavuni mwa ukuta, mwanga ulale, usielekee ukutani moja kwa moja. Hapo mabaka ya unyevu na rangi ya jana vinajitokeza. Fungua kabati la chini ya sinki na unuse. Ghorofa ya mwisho, tazama dari kwenye pembe. Chini ya vibaraza, tafuta plasta iliyopasuka kwa mstari ulionyooka na rangi ya kutu: hewa ya bahari inakula nondo kutoka ndani. Kutu ikishaonekana nje, jengo linahitaji fundi wa zege, na gharama hiyo mtachangia wote.

Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu ni swali. Uliza.

## Hatua ya 4: Ada ya jengo

Usinunue studio bila kuona hesabu za ada ya huduma, ile inayolipia mlinzi, lifti, jenereta, usafi na pampu. Ikiwa ni shilingi 150,000 kwa mwezi, hiyo ni milioni 1.8 kwa mwaka, uwepo au usiwepo. Uliza mambo matatu: nani anakusanya, nani anadaiwa, na lini lifti ilitengenezwa mara ya mwisho. Mwombe muuzaji barua ya uongozi wa jengo kuwa chumba hakidaiwi. Deni la ada lina tabia ya kubaki mlangoni na kumsubiri mwenyeji mpya.

Panda lifti. Kisha panda ngazi. Ngazi zitakwambia ukweli wa uongozi: taa zilizoungua, ndoo za taka, mikojo ya paka.

## Hatua ya 5: Upekuzi wa hati

Picha ya hati si hati, na hati mkononi mwa mtu si uthibitisho kuwa bado ni yake. Wakili wako aombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, na majibu yaje kwa maandishi.

Majibu yanakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa umiliki, na kama kuna rehani au zuio. Ardhi ya Tanzania yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachopata ni haki ya kuimiliki kwa miaka kadhaa, mara nyingi 33, 66 au 99. Hesabu imebaki mingapi. Ghorofa jipya juu ya hati ya zamani si jambo geni.

Fanya upekuzi mara mbili: kabla ya mkataba, na tena siku chache kabla ya kulipa fungu kubwa. Kati ya hizo mbili mtu anaweza kuweka rehani. Nilikuwa naiona hii kama tahadhari ya waoga, mpaka upekuzi wa pili wa ndugu yangu ukarudi na benki ndani yake. Tulikuwa tumebakiza siku nne kulipa.

Omba pia stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu. Kwa jengo jipya, dai kuona kibali cha ujenzi cha halmashauri na uhesabu ghorofa: kibali kikisema sita na wewe umepanda nane, studio yako ya ghorofa ya saba inaning'inia hewani kisheria.

Onyo: muhuri wa serikali ya mtaa hauhamishi umiliki wa nyumba yenye hati. Barua ya mtaa inaweza kusaidia kumtambua mtu. Basi.

*Umefaulu* ukiwa na karatasi ya upekuzi inayosoma jina lile lile lililo kwenye kitambulisho cha anayekuuzia, bila rehani, bila zuio. Jina likitofautiana hata herufi moja, lirekebishwe na yeye kabla, si na wewe baadaye. Kama mwenye jina ni marehemu, anayekuuzia lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na nyumba iwe imeshahamia kwake kwa nafasi hiyo.

## Hatua ya 6: Bei

Kaeni na mwenye nyumba uso kwa uso, hata kama dalali amewaunganisha. Ni hapo tu utajua kama kuna cha juu, yaani fedha ambazo dalali amepachika juu ya bei ya mwenye mali. Ujira wa dalali jadilini waziwazi na muuandike nani anaulipa. Ada za "kupelekwa kuona" zikizidi mbili, badilisha dalali.

Kisha toa daftari lako: mita za tepu, ndoo, kutu ya kibaraza. Zitaje kwa upole, moja moja, na unyamaze baada ya kila moja.

## Hatua ya 7: Mkataba

Mkataba wa kuuziana uandikwe na wakili, usainiwe mbele yake, na uwe na haya:

1. Namba ya hati na ya sehemu kama zilivyo kwenye upekuzi, si "studio ghorofa ya tatu mkono wa kushoto".
2. Vitu vinavyobaki: kiyoyozi, hita, kabati, jiko, nafasi ya gari. Nafasi ya gari hasa. Kama haimo kwenye hati au kwenye barua ya uongozi wa jengo, haipo.
3. Ridhaa ya mwenza. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mume au mke hauzi nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji akisema hajaoa, aape kwa kiapo cha maandishi. Mauzo mengi yamevunjwa na mke aliyetokea Morogoro.
4. Nani analipa kodi ipi.
5. Kinachotokea usajili ukikataliwa: fedha zirudi zote, ndani ya siku ngapi.

Kama uko kwenye hali ile ya pili, ya hati mama, ongeza masharti. Upekuzi ufanywe kwenye hati mama. Kama kuna rehani, benki iandike barua kuwa itaiachia sehemu yako ukimaliza kulipa. Malipo yafuate hatua zinazoonekana, na fungu la maana, mimi husema si chini ya robo, libaki hadi hati ya chumba chako itoke. Wakili aweke zuio kwa Msajili ili hati mama isichezewe kimya kimya. Mjenzi akikataa yote haya kwa kuwa "wateja wengine hawakuuliza", waachie hao wateja wengine.

Aliyeko Muscat au London na ananunua kupitia ndugu: mpe ndugu hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya ubalozi au mthibitishaji wa huko, isajiliwe hapa, na iseme wazi kuwa ananunua kwa jina lako. Fedha zisipite kwenye akaunti yake. Ndugu wanabaki ndugu zaidi wakishika karatasi kuliko wakishika fedha.

## Hatua ya 8: Malipo

Usilipe taslimu. Lipa benki kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati, na sababu ya malipo itaje namba ya hati. "Lipa kwa akaunti ya mdogo wangu, yangu ina shida" ni sentensi ya kufunga kikao.

Gawa mafungu matatu: la awali siku ya kusaini mkataba, kubwa baada ya upekuzi wa pili na fomu za uhamisho kusainiwa, na la mwisho hati ikitoka kwa jina lako. Lile la mwisho ndilo linalomfanya muuzaji aendelee kupokea simu zako.

## Hatua ya 9: Kodi, fomu na usajili

Usiruke mpangilio, kwa sababu kila ofisi inadai karatasi ya ofisi iliyotangulia.

Uthamini. Mthamini aliyesajiliwa anakagua studio na ripoti yake inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Hii inazuia ule mchezo wa kuandika bei ndogo ili kodi ipungue. Usikubali mchezo huo hata kabla ya hapo: siku wewe ukiuza, ile bei ndogo ndiyo itakayofanya faida yako ionekane kubwa.

Fomu. Fomu za ardhi namba 29 (taarifa ya uhamisho), 30 (maombi ya kibali) na 35 (uhamisho wenyewe), zikiwa na picha na saini mbele ya wakili.

Kodi ya ongezeko la mtaji. Hii ni ya muuzaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Kama alinunua kwa milioni 80, akatumia milioni 10 kuikarabati na risiti anazo, na sasa anauza kwa 120, faida ni milioni 30 na kodi milioni 3. Wauzaji wengi hujaribu kuisogeza kwa mnunuzi dakika ya mwisho. Mkataba wako uwe umeshasema. TRA wakishalipwa wanatoa cheti, na bila cheti hicho faili halisogei.

Ushuru wa stempu. Huu ni wako, kama asilimia 1 ya bei, hivyo kwenye milioni 120 andaa kama milioni 1.2. Lipa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Waraka usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi, na hiyo ndiyo siku utakayouhitaji. Viwango hivi vinaweza kubadilika bajeti mpya inapoanza kila Julai, kwa hiyo thibitisha TRA wiki unayolipa.

Kibali na usajili. Faili zima, pamoja na hati halisi, linakwenda ofisi ya ardhi ya mkoa kwa kibali cha Kamishna kisha kwa Msajili. Chukua nakala ya kila ukurasa kabla, na ujaze daftari: tarehe ya kupeleka, namba ya faili, nani kapokea. Fuatilia mwenyewe mara moja kwa wiki, kwa adabu. Mafaili yasiyoulizwa hulala.

*Umefaulu* hati ikirudi na jina lako limeandikwa kwenye sehemu ya uhamisho, lenye tarehe na muhuri wa Msajili. Soma herufi za jina lako hapo hapo dirishani, kabla hujaondoka.

## Hatua ya 10: Siku ya funguo

Piga picha mita ya umeme na ya maji muuzaji akiwa amesimama hapo. Nunua LUKU ya shilingi elfu tano uone kama inaingia na kama kuna deni linalokatwa. Peleka nakala ya hati kwa uongozi wa jengo ili daftari la wamiliki libadilishwe na risiti za ada zianze kutoka kwa jina lako. Bila hivyo hutapiga kura kwenye mkutano wa kupandisha ada.

Halafu mwite fundi abadilishe kitasa jioni hiyo hiyo. Funguo za zamani anazo muuzaji, mpangaji wake wa mwisho, msichana wa usafi na yule dalali.